Unga Uliomkalisha Punda Kitako

Mkinikuta barazani nakamua ndimu juu ya unga mweupe, msikimbilie ndani kumwambia Mwanaidi, mke wangu, kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa. Mwanaidi anajua. Nakagua baraiti. Kuna kijana wa mtaa wetu aliyeajiriwa huko kwenye uchimbaji wa gesi, na kila akija likizo huniletea kikopo cha baraiti, kama wazee wengine wanavyoletewa halua. Mimi halua nimekatazwa na daktari, kwa hiyo sote tumeridhika.

Ndimu ikitoa povu, mmeibiwa. Ina maana mtu amesaga mawe ya chokaa akayachanganya humo ili mfuko ujae. Baraiti safi haijali ndimu. Hukutazama tu. Siku hizi mna maabara na mashine za kupima, na nasikia baraiti yenyewe hupulizwa kwa hewa ndani ya mabomba kutoka kwenye matangi, kijana anabonyeza kitufe huku anakunywa kahawa. Mungu awape heri. Lakini ndimu haihitaji umeme, na wauzaji wa uongo hawajaisha duniani.

Nyinyi mnaotaka kuingia kazi hii mmeniomba niwaeleze nilifanya nini miaka yote ile. Niliuza maji mazito. Nikisema hivyo watu hucheka, lakini ndiyo kazi. Kisima cha gesi kinapochimbwa, ndani ya shimo hupitishwa tope lililotengenezwa kwa makusudi: maji, udongo maalumu wa kulifanya lishikamane, na baraiti. Tope hilo hupoza jino la keekee, hutoa juu vipande vya mawe, na zaidi ya yote hukaa juu ya gesi kama mtu aliyekaa juu ya kifuniko cha sanduku. Akiwa mwepesi, sanduku linafunguka. Kwa hiyo tunamlisha uzito, na chakula chake ni baraiti, jiwe lililosagwa likawa laini kama poda ya mtoto. Wengi hamjui kwamba jiwe hilo liko hapa hapa Pwani, bara ya Kilifi. Liokote utadhani limegandishwa ardhini. Ni jiwe dogo lenye kiburi.

Ziko na nyinginezo. Kuna unga wa chuma, mwekundu, mzito kupita baraiti. Niliwahi kuutumia kwenye kisima kimoja cha bara, na kwa muda wote ule jasho langu lilikuwa jekundu. Nilipokwenda kutawadha msikitini, mzee aliyekaa jirani na birika aliyatazama maji yanayotoka mikononi mwangu, akasogea, akaniuliza kwa upole nimemchinja nani. Tangu siku hiyo naipenda baraiti. Ikikuchafua, inakuchafua kwa heshima, unafanana na mpishi wa mikate.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Wafula, mtu wa Bungoma, fundi wa tope aliyezunguka nchi nyingi akarudi na suruali mbili na maneno mengi. Alikuwa Mkristo wa kanisani kila Jumapili, na alikuwa na imani yake ya pili katika mizani ya tope. Mizani hiyo ni mkono wa chuma wenye kikombe upande mmoja na jiwe la kutelezesha upande wa pili. Unajaza kikombe, unatelezesha jiwe mpaka kipovu kilichomo kwenye kichupa chake kikae katikati, unasoma uzito. Ukiona tope na kusema kwa macho kwamba lina uzito wa kutosha, Wafula alikuwa akikutazama kama mtu aliyetukana dini.

"Athman," alikuwa akiniambia, "uji unaweza kuwa mzito kwenye kijiko na mwepesi kwenye mizani. Macho yako ni ya kuangalia wasichana. Tope lipimie mizani."

Mimi wakati ule macho yangu yalikuwa yameshamaliza kazi aliyoyapa. Nilikuwa nimemchumbia Mwanaidi wa Mbwajumali, kijiji cha kisiwani Pate. Na kisima chetu, kwa bahati ambayo sijui niiite njema au mbaya, kilikuwa nyuma ya mashamba ya Mbwajumali hiyo hiyo. Kampuni msiniulize jina. Ilishaondoka na mabomba yake.

Sasa niwajulishe kwa mama mkwe wangu, kwa sababu bila yeye hakuna hadithi. Bi Zena alikuwa mjane mwenye punda. Wengine walikuwa na punda, lakini Bi Zena alikuwa *mwenye punda*. Mchanga, mawe, kuni, maji, kila kitu cha Mbwajumali kilipita mgongoni mwa wanyama wake, na mbele yao wote alikwenda punda mmoja mweusi wa kijivu aliyeitwa Mudiri. Aliitwa hivyo kwa sababu alitembea kama afisa wa zamani anayekwenda kutia sahihi. Mudiri akitembea, punda wengine walitembea, wake na wa jirani. Akisimama, kijiji kizima kilikosa maji.

Na kwa adabu za kwetu wakati ule, mchumba hakumkabili mama mkwe uso kwa uso. Mkikutana njiani unainamisha kichwa na kupitia ukutani. Ikiwa lazima mzungumze, yapite kwa mtu wa kati. Siku moja nilikutana na Bi Zena kwenye kisima cha maji na mtu wa kati hakuwepo. Akamgeukia punda wake.

"Mudiri," akasema, "mwambie huyo mtumba wa mwanangu, kanzu yake imefumuka nyuma."

Kama hamuijui lugha ya huko: mchumba ni mtumba, macho ni mato, kuja ni kuya, njoo ni ndoo. Nikashika nyuma. Ilikuwa kweli. "Mudiri," nikamjibu punda, "mwambie mama nashukuru."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Toka hapo kila neno kati yangu na mkwe wangu lilipita masikioni mwa Mudiri, na sijapata kuona mkalimani mtulivu kuliko yule.

Harusi ikapangwa Ijumaa, baada ya swala. Alhamisi asubuhi wageni walikuwa wameshafika: wa Lamu mjini, mafundi wa mashua wa Matondoni ambao ni jamaa za baba yangu, hata shangazi mmoja wa Kiwayu aliyekuja na kuku wake mwenyewe kwa sababu hakuwaamini kuku wa Pate. Uani kwa Bi Zena mafiga yalikuwa tayari na masufuria yamekwisha kusuguliwa. Mimi nilikuwa nimalize zamu yangu adhuhuri nikaoge, nikatiwe hina, niwe mtu.

Asubuhi hiyo kisima kikapiga miayo.

Hilo ni neno la Wafula. Maana yake ni hii, na mlishike: ukikipa kisima tope kiasi fulani, kinatakiwa kikurudishie kiasi hicho hicho. Kikikurudishia zaidi, usifurahi. Kuna mtu chini anasukuma. Tope kwenye matangi yetu lilianza kupanda, tukazima pampu, na bado likaendelea kutoka. Wafula hakupiga kelele. Alifunga vali kubwa za usalama, akasimama mbele ya saa ya kupimia msukumo, akaona mshale unapanda polepole.

"Gesi iko mlangoni na mlango umefungwa," akasema. "Sasa tunatengeneza tope lenye uzito wa kuirudisha kwao. Leta baraiti."

Baraiti ilikuwa kidogo. Wiki hiyo mawe ya chini yalikuwa yametunywea tope jingi. Iliyobaki, tena nyingi, ilikuwa bandani ufukweni, na barabara kati ya ufukwe na kisima ilikuwa imelimwa na mvua za masika. Lori la kampuni lilikuwa limezama katikati mpaka mlangoni, dereva amekaa juu ya paa anakula machungwa.

Halafu afisa wa usalama akazunguka kijijini na kipaza sauti. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kisimani kwenda majumbani. Mpaka kisima kitulie, hakuna mtu kuwasha moto Mbwajumali. Hata kiberiti. Hata kijinga cha uvumba.

Hapo mnaelewa nilikuwa wapi. Pilau ya watu wote wale, na moto marufuku. Na aliyezima moto, kwa hesabu ya kijiji, alikuwa mimi, maana hakuna mwengine wa kule kisimani aliyekuwa mkwe wa mtu. Niliposhuka mbio kwenda kuomba punda, Bi Zena alikuwa amesimama mlangoni, na Mudiri amefungwa kando, mgongoni ana kuni za harusi ambazo hazina kazi.

"Mudiri," akasema bila kunitazama, "mwambie huyo, nimealika watu waye kula. Siwezi kuwapa mtele mbiti. Kisima chake kisipotulia kesho alfajiri, aende akakioe hicho kisima."

Nacheka sasa. Siku ile sikucheka. Niliogopa sana, kwa sababu Bi Zena hakuwa mtu wa kutishia kwa mzaha, na nyuma ya ukuta ule Mwanaidi alikuwa amefungiwa ndani kama ilivyo desturi, anasikia kila neno, na mimi siwezi hata kumpigia mluzi. Na juu kule Wafula na wenzangu walikuwa wamesimama juu ya gesi.

"Mudiri," nikasema, "mwambie mama dawa ya kisima iko ufukweni na gari limezama. Naomba punda."

Akafungua kuni mwenyewe, akazitupa chini. Alikuwa mkali lakini si mjinga. Tukaenda ufukweni na punda wote wa kijiji nyuma ya Mudiri.

Sasa sikieni kosa, maana ni kosa la kwetu kabisa. Sisi watu wa visiwani tunapima kwa kujaza. Mchele kwa kibaba na pishi, mafuta ya nazi kwa chupa, mchanga kwa shogi, lile begi kubwa la ukindu linaloning'inia pande mbili za punda. Shogi likijaa, mzigo umetimia. Hatujauliza kilo. Na mfuko wa baraiti ni mdogo, utadhani mto wa kulalia mtoto. Bi Zena aliutazama akaudharau. Akaanza kupanga mifuko ndani ya shogi la Mudiri, mmoja juu ya mwengine, mpaka ukingoni.

"Mudiri," nikasema haraka, "mwambie mama unga huu si mchanga. Nusu ya shogi inamtosha, hata chini ya nusu."

Mudiri akapepesa sikio moja.

"Mudiri, mwambie huyo mimi napakia shogi kwa mato haya tangu babake hayaoa. Unga haushindi mtanga. Shogi likiyaa, mato yangu huona."

Ningefanya nini? Kubishana na mkwe siku moja kabla ya harusi? Nilimweleza punda mara ya pili kwa sauti ya juu, na punda hakufikisha. Wenye punda wengine wakamwangalia Bi Zena, wakajaza kama alivyojaza.

Mudiri aliinua mguu wa mbele. Akaurudisha. Akageuza shingo akautazama mzigo upande wa kulia, kisha wa kushoto, akiwa na uso wa mtu aliyeletewa bili isiyo yake. Kisha akakaa kitako. Nyinyi mmeona punda analala, mmeona punda anajigaragaza. Punda kukaa kitako kama mgeni kwenye mkeka, hamjaona. Na alipokaa yeye, wakakaa wote, msururu mzima, mmoja baada ya mwengine, mpaka wa mwisho ambaye alikuwa hajapakiwa kitu.

Tukapakua. Wakasimama. Bi Zena akapunguza mifuko mpaka nusu. Lakini punda hasahau. Mudiri alipouona ule weupe wa mfuko unamkaribia, akakaa tena kabla haujamgusa. Tukajaribu mfuko mmoja. Akakaa. Nikaupitisha mfuko mbele yake tu, kwa umbali, akakaa.

Ndipo Wafula alipofika kwa miguu kuja kuona baraiti yake iko wapi, tope limempanda mpaka mapajani. Akaona punda wote wamekaa kitako ufukweni kama baraza la wazee. Akavua kofia.

"Athman, mshale unapanda na nyinyi mko mkutanoni?"

Akaenda nyuma ya Mudiri kumsukuma. Nilimwambia asiende nyuma. Asante ya punda ni mateke, na hii ilitolewa hata kabla ya fadhila. Wafula alikaa kitako pia.

Bi Zena alikuwa amesimama mkono kiunoni. Sura yake naiona mpaka leo. Hakuwa ameaibika, alikuwa anafikiri. Kisha akapanda kijijini mbio, mwanamke wa umri ule, na akarudi na furushi kubwa la nguo kichwani. Akalifungua juu ya mchanga. Zilikuwa leso za Mwanaidi, za sandukuni, mpya, doti kwa doti, ambazo alikuwa akizikusanya tangu binti yake mtoto. Nyekundu, za njano, za rangi ya zambarau.

Akamfunga Mudiri leso moja machoni? Hapana, hivyo ndivyo nilivyodhani mimi. Aliifunga mifuko. Kila mifuko miwili akaizungushia leso mpaka weupe ukapotea, akaiweka shogini taratibu, huku anamwimbia Mudiri wimbo ule ule wa kupeleka vyombo vya bibi harusi. Punda wa Mbwajumali walizijua safari za harusi. Mwisho wake kulikuwa na machicha ya nazi na mkate wa mofa. Mudiri akazinusa zile leso. Akafikiri. Sote ufukweni tuliacha kupumua, mimi zaidi ya wote.

Akatembea.

Wanawake waliokuja kushangaa wakaona leso za harusi zinapanda njia na Bi Zena anaimba, nao wakadhani mambo yameanza. Wakapiga vigelegele wakafuata. Basi baraiti ya kutuliza kisima cha gesi iliingia kwenye mitambo kwa msafara wa harusi, punda kwa punda, kwa matari na vigelegele, na afisa wa usalama amesimama getini na helmeti mbili mkononi hajui amvishe nani. Safari zile zikarudiwa mpaka alasiri. Kila mara leso zinafunguliwa, zinateremka ufukweni, zinafungwa tena.

Nami nikasimama kwenye faneli kubwa ya kumiminia. Hapa kuna ufundi, kwa hiyo acheni kucheka. Usiutupe mfuko mzima kwa pupa. Utaganda madonge, pampu itakohoa. Pasua mdomo wa mfuko, mimina mfululizo kama mpishi anayetia unga kwenye sima, mkono mmoja unga na akili kwenye mwiko. Na hakikisha tope lako lina ule udongo wa kulishikamanisha kabla ya kulipa uzito, au baraiti yote itatuama chini ya tangi na juu utabaki na maji yanayojifanya tope. Funika pua. Sisi tulifunika kwa kikoi kilicholowa, nyinyi mna barakoa nzuri, zivaeni. Wafula alipita na mizani yake, anachechemea kwa lile teke, anatelezesha jiwe, anatikisa kichwa, "bado". Tena "bado". Kisha akasema "sasa", na akaanza kulipeleka tope chini kwa pampu ya mwendo wa pole, mkono kwenye vali, kama mtu anayemlaza mtoto ambaye ameshaamka mara moja.

Ijumaa alfajiri mshale ulirudi kwenye sifuri na ukakaa. Tulifungua vali, tukasubiri. Kisima hakikurudisha hata tone. Wafula alivua kofia yake akasema maneno ya kanisani, nami nikasema yangu, na nadhani yalikwenda mahali pamoja. Nilipotazama upande wa kijiji, moshi ulikuwa umeshaanza kupanda uani kwa Bi Zena. Nililia. Sioni haya kusema. Nililia juu ya lile vumbi mpaka uso ukawa na michirizi.

Nikaozeshwa baada ya swala, na nyusi zangu bado nyeupe. Pilau ilikuwa na vumbi kidogo kwa waliokaa upande wa upepo. Leso za Mwanaidi hazikurudi rangi yake kamwe. Baraiti haitoki, na haioshwi kwa ndimu, hilo nilishawaambia. Anazo mpaka leo, na tukigombana huzitoa sandukuni akazianika barazani mahali nitakapoziona.

Mtadhani baada ya ndoa mkwe wangu alianza kusema nami kama watu. Hakuanza. Adabu ilikuwa imeshamruhusu, lakini alikuwa ameshazoea, na mimi pia. Miaka na miaka, nikirudi likizo kutoka visima vya mbali, alikuwa akinipokea mlangoni na Mudiri pembeni. "Mudiri, mwambie amekonda." "Mudiri, muulize huko anakula nini." Wakati mwengine nilidhani hanipendi. Mwanaidi alisema ananipenda, lakini mke atasema nini?

Mudiri alizeeka. Mwishoni hakubebeshwa kitu, alikaa tu kivulini anakula machicha. Siku moja asubuhi nilikuwa nyumbani, nikasikia mlango unabishwa. Alikuwa Bi Zena, peke yake. Alitazama pembeni mwake, mahali pale punda alipokuwa akisimama siku zote, na hapakuwa na kitu. Akatafuta pa kupitishia neno. Kisha akaniinulia uso, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikayaona macho yake yote mawili, yamejaa maji.

"Athman, mwanangu," akasema. "Ndoo unisaidie kumzika. Ni mzito, siwezi peke yangu."